Shajara ya mradi: Land Rover 110 ya zamani kuwa nyeusi kwa rola, Arusha

Gari ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1993, injini ya 200Tdi, kijani iliyopauka kiasi kwamba ukipitisha kiganja kinatoka na unga. Kazi ni kuifanya nyeusi inayong'aa, bila chumba cha rangi, ndani ya banda la mabati lililo wazi upande mmoja, Sakina. Paa linabaki jeupe kwa makusudi. Nyeusi hunyonya joto, na paa ndilo linalotazamana na jua la saa sita; anayepanga kulitia nyeusi nalo akae kwanza ndani ya gari jeusi lililoegeshwa juani mwezi wa pili.

Hatua za kawaida tumezipitia haraka. Makosa tumeyaandika kwa urefu, maana ndiko pesa na siku zilikopotelea.

7 Juni 2025: Rangi ya zamani ni ipi?

Kabla ya msasa wowote, chovya kitambaa cheupe kwenye thina ya NC (rangi ya nitroselulosi, inayokauka kwa kupaa thina), kikandamize mahali pasipoonekana kwa dakika moja, kisha futa. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, hiyo ni NC. Ikivimba na kukunjamana, ni rangi ya mafuta. Isipofanya lolote zaidi ya kuacha unga wa juu, ni ya kiwandani au 2K (rangi ya sehemu mbili, inayochanganywa na hadna, yaani kigumushi) iliyokomaa. Gari hili lilitoa majibu mawili: fenda ya nyuma kushoto iliwahi kupigwa NC, kwingine kote ni rangi ya kiwandani.

Jibu hilo ndilo linaloamua kipi kikae juu ya kipi. Rangi ya mafuta hukaa juu ya zote mbili, kwa kuwa tarpentaini yake ni dhaifu. NC juu ya rangi ya mafuta haikai. Thina yake kali huifumua ile ya chini papo hapo.

Kwenye Hilux au Escudo, puti (kijazio cha mabonde) iliyofichwa chini ya rangi hutafutwa kwa sumaku. Hapa sumaku haisaidii, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi ya Defender ni alumini na haishiki hata palipo safi. Tuligonga kwa kifundo cha kidole: alumini tupu hulia, puti hunyamaza. Fenda ile ya NC ilikuwa na puti ya ukubwa wa sahani. Chini ya milango yote minne kulikuwa na unga mweupe unaovimbisha rangi. Ngozi ya mlango ni alumini iliyokunjwa juu ya fremu ya chuma. Maji yakiingia katikati, vyuma hivyo viwili hufanya kazi kama betri na alumini ndiyo inayoliwa.

7 hadi 28 Juni: Majaribio ya rangi tatu

Tulinunua mlango mmoja chakavu kwa mwuza skrepa, tukaukata vipande vitatu, kila kimoja kikapigwa aina yake ya rangi na kuwekwa juu ya banda wiki tatu.

Kipande cha NC tulikipiga kwa bunduki ya rangi na kompresa ya kukodi ya lita 100. Rangi ikaota weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Sababu zilikuwa mbili. Thina ya NC hupaa haraka na kupoza uso wa bati, na hewa ya Arusha asubuhi ya Juni ina unyevu wa kutosha kutua palipopoa. Pili, kichujio cha maji tulikifunga palepale kwenye kompresa, ambako hewa bado ni ya moto na maji bado ni mvuke, kwa hiyo yanapita salama na kwenda kutokea kwenye bunduki. Kichujio kikae upande wa bunduki, baada ya mita 8 hadi 10 za bomba, hewa ikiwa imeshapoa. Bomba liwe la chuma lenye mteremko na koki ya kumwagia maji mwishoni. Bomba la plastiki la maji lisitumike kwa hewa ya kompresa, linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Jambo jingine kwa mwenye kununua kompresa kwa kusoma namba za kwenye kibao: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam au Tanga. Kompresa ileile hutoa hewa pungufu kwa kiasi hichohicho, na bunduki inayotaka hewa nyingi huanza kutema matone badala ya ukungu. Mjini Moshi upungufu ni mdogo kidogo kwa kuwa iko chini zaidi.

Weupe tuliuondoa kwa kurudia saa sita mchana na thina ya taratibu. Lakini tone la petroli likiachwa dakika tano juu ya NC iliyokauka liliacha alama ya duara, na hapo NC ikatoka kwenye orodha.

Kipande cha 2K tulikipeleka kwa fundi mwenye chumba na vifaa, Unga Limited. Kilikuwa kizuri kuliko vyote: kigumu, kina mng'ao wa kina, petroli haikukigusa. Hatukukichagua, na sababu ni moja. Hadna ya 2K ina isosayaneti, sumu inayoweza kumsababishia mpuliziaji pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje, na hatuna. Banda letu liko wazi na watoto wa majirani wanapita. Asiye na vifaa hivyo asiipulizie 2K nyumbani, hata mlango mmoja.

Kipande cha tatu ni rangi ya mafuta ya magari, kwa rola ya sponji. Nusu yake tulichanganya na tarpentaini, nusu na mafuta ya taa kama wengi wanavyofanya ili kubana gharama. Nusu ya mafuta ya taa ilikuwa bado inanata siku ya nne, na vumbi lote la barabara lilikuwa limeganda humo. Mafuta ya taa hupaa polepole mno na huacha ulaini ndani ya rangi. Nusu ya tarpentaini ilikauka, na baada ya msasa na kompaundi (dawa ya kung'arishia) ilimrudishia mtu uso wake.

Uamuzi: rangi ya mafuta, rola, tarpentaini. Land Rover inafaa kwa njia hii kuliko magari mengi, kwa kuwa bodi yake ni mabapa yaliyonyooka. Gari la mviringo mwingi litakutesa.

5 Julai: Kuvua, kuosha, kusugua

Zilitoka taa zote, grili, saiti mira, waipa, vitasa, nyusi za plastiki za magurudumu na nembo. Kila kundi la skrubu kwenye mfuko wake wenye jina. Kuziba kitasa kwa masking tepu kunaokoa nusu saa leo, lakini rangi itaanza kuachia pembeni mwa tepu hiyo ndani ya miezi michache.

Gari lioshwe kabla ya msasa. Ukisugua kabla ya kuosha, msasa huzamisha grisi na polishi ndani ya mikwaruzo. Polishi za dashibodi zina silikoni, na chembe yake tu hufanya rangi mpya ikimbie na kuacha vijishimo vya duara. Tuliosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, tukasuuza, kisha tukafuta kwa kisafisha grisi kwa vitambaa viwili: kimoja kibichi cha kupaka, kimoja kikavu kinachofuata nyuma yake kabla haijapaa. Petroli tuliiacha, kwa sababu yenyewe huacha mafuta.

Msasa namba 180 kote, kisha 320. Palipokuwa na rangi imara ya kiwandani hatukufika kwenye alumini. Rangi ya kiwandani iliyoshika ni msingi bora kuliko chochote utakachopaka wewe. Pembeni mwa ribiti na bawaba tulitumia msasa uliokunjwa kwenye ncha ya mti wa aiskrimu. Rangi mpya huanza kubanduka kwenye pembe hizo zilizorukwa.

12 Julai: Makosa mawili kwenye alumini

Kosa la kwanza ni brashi ya waya wa chuma. Tuliitumia kuondoa unga mweupe chini ya milango, na ilisafisha vizuri sana. Lakini waya wa chuma huacha chembe zake ndani ya alumini, ambayo ni laini. Baada ya siku sita za mawingu palikuwa na vidoa vya kahawia, kutu ya chuma juu ya bati lisiloota kutu ya kahawia. Tulirudia kwa msasa 120 hadi vidoa vikaisha, na kuanzia hapo brashi ni ya nailoni tu. Msasa uliowahi kugusa chuma usirudi kwenye alumini.

Kosa la pili liligharimu zaidi. Palipobaki alumini tupu tulipaka praima ya asidi (rangi ya kwanza ya kushika bati), ambayo ni sahihi, kwa kuwa alumini huvaa ngozi ya oksidi mara tu ikisuguliwa na rangi ya kawaida haiing'ang'anii ngozi hiyo. Kisha tukaweka puti juu ya praima hiyo. Hapo ndipo tulipokosea. Asidi iliyomo huivuruga hadna ya puti kule chini: juu imekuwa jiwe, chini bado ni uji. Siku ya tatu ukingo wa puti ulibanduka kwa kucha, na upande uliokuwa umegusa praima ulikuwa unanata kama ubani uliotafunwa.

Tuliitoa puti yote kwa kisu cha puti, tukasugua praima ya asidi hadi bati tupu, na kubadili mpango. Alumini ilikwaruzwa kwa msasa 120, ikafutwa, na ndani ya saa moja ikapakwa praima ya epoksi ya sehemu mbili kwa brashi na rola. Ndani ya saa moja, kwa kuwa ngozi ile ya oksidi haisubiri chai. Epoksi iliachwa saa 24, ikasuguliwa kidogo kwa 180, ndipo puti ikaja juu yake. Hadna ya epoksi kwa kawaida ni ya amini. Inawasha ngozi, kwa hiyo glavu, lakini haipuliziwi hewani.

Chini ya milango, epoksi iliyolegezwa kidogo kwa thina yake tuliiingiza kwa brashi nyembamba kwenye mkunjo wa ngozi na fremu. Kwanza tulizibua kwa waya vitundu vya kutolea maji. Kwenye milango mitatu kati ya minne vilikuwa vimezibwa na rangi za miaka iliyopita, na hapo ndipo maji yalipokuwa yakilala.

19 Julai: Andakoti, na mkaa wa kutafutia mabonde

Andakoti, rangi inayokaa chini ya ile ya mwisho, ni ya kijivu, tukaitia nyeusi kidogo iwe kijivu kilichokolea. Chini ya nyeusi, andakoti nyeupe huonekana kwenye kila mkwaruzo wa jiwe.

Nyeusi inayong'aa ni kioo, na kioo huonyesha kila bonde. Kijani iliyopauka ilikuwa inaficha mikunjo ambayo hatukuijua. Kuitafuta tulitumia mkaa: chenga zilizotwangwa kwenye kinu hadi unga, zikachujwa kwa soksi ya nailoni, zikapakwa kwa kitambaa kikavu juu ya andakoti yote. Kisha msasa 400 uliofungwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, cha urefu wa sentimita 25, ukipelekwa mshazari, kwanza upande huu kisha upande wa pili. Palipoinuka mkaa hutoka mara moja. Palipo na bonde mkaa hubaki. Mlango wa mbele kulia ulibaki na doa jeusi la ukubwa wa kiganja, juu kidogo ya kitasa, mahali ambapo kwa macho tungeapa pamenyooka.

Usisugue kwa vidole vitupu. Vidole hufuata bonde, na mkaa utatoka huku bonde likibaki.

Kipimo cha mwisho kabla ya rangi: mwagia bati maji safi usiku na mulika tochi kwa mshazari kutoka pembeni. Maji huipa andakoti mng'ao wa muda, na ndivyo rangi itakavyoonekana. Tulikuta mabonde mengine manne kwa njia hiyo. Mkaa wote uoshwe na kukaushwa kabisa. Unga wake ukibaki kwenye ribiti utaingia kwenye rola.

26 Julai: Mkono wa kwanza na wa pili

Mchanganyiko ni rangi sehemu 100 kwa tarpentaini sehemu 15 kwa ujazo, ukachujwa kwa soksi ya nailoni. Bodi bila paa ni kama mita za mraba 15, na mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, ulikula lita moja ya mchanganyiko. Rola ni ya sponji nzito ya inchi 4. Ile sponji laini yenye matundu makubwa hutema mapovu, na pia huvimba na kuachia gundi baada ya nusu saa. Rola ya manyoya ni ya ukuta.

Namna ya kupaka: chovya, kisha izungushe kwenye trei hadi isidondoshe. Paka eneo la sentimita 40 kwa 40 kwa kukatiza, halafu pitisha mara moja ya mwisho kutoka juu kwenda chini bila kukandamiza, kwa uzito wa rola yenyewe. Mtu wa pili anafuata na brashi laini pana, kavu, akiigusisha kwa ncha tu ili kupasua mapovu. Endelea na eneo jirani kabla ukingo haujaanza kuvuta. Kwa hewa ya hapa tulikuwa na dakika tatu hadi nne. Mwanzo tulifanya kazi mtu mmoja mmoja, kila mmoja upande wake wa gari, na kila mahali kingo zilipokutana palibaki mstari. Watu wawili kwenye bati moja, bati moja kwa wakati.

Mkono wa kwanza unatisha: kijivu kinaonekana kote, michirizi kama iliyochorwa na mtoto. Uache hivyo. Anayejaribu kufunika kijivu chote siku ya kwanza anaweka rangi nene, na unene ndio uliotuletea hasara inayofuata.

2 Agosti: Boneti imekunjamana

Mkono wa kwanza ulipakwa Jumamosi, wa pili Jumapili. Kwenye milango hakuna tatizo. Kwenye boneti, ambayo imelala, tulijiachia kwa kuwa rangi haiwezi kutiririka, tukaweka nene. Jumatatu tukaweka wa tatu kwenye boneti peke yake. Ndani ya dakika ishirini uso wote ulikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupaa thina tu; hukauka kwa kula oksijeni, kuanzia juu kwenda chini. Kwenye baridi ya Julai, asubuhi nyuzi 12 au 13, juu hufunga na chini hubaki laini kwa siku kadhaa. Tarpentaini ya mkono mpya hupenya ngozi hiyo, ikaivimbisha, na kwa kuwa haina pa kupanukia inakunjamana. Kadiri rangi ilivyo nene ndivyo inavyokuwa hatari.

Kusugua mara moja hakufai: rangi laini huviringika chini ya msasa na kuziba karatasi baada ya kupita mara tatu. Tuliacha siku sita, mchana tukilitoa gari juani, ndipo tukasugua boneti nzima kwa msasa wa maji 320 hadi kwenye andakoti. Karatasi 11 ziliishia kwenye boneti hiyo peke yake.

Tangu hapo hatufuati tena siku zilizoandikwa kwenye kopo. Kipimo ni kucha: bonyeza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango. Kucha ikiacha alama, subiri. Kwa majira haya ilikuwa saa 48 hadi 72 kwa mkono mwembamba. Atakayefanya kazi hii Januari au Februari, au Moshi kwenye joto zaidi, atasubiri muda mfupi zaidi. Bado kucha ndiyo iamue.

16 Agosti: Mkono wa tatu hadi wa sita

Kila baada ya mikono miwili, msasa wa maji 800 na tone la sabuni ya vyombo, kuondoa vipele vya rola na vumbi. Vipele vikiachwa hujengana. Mkono wa sita hautafunika vya mkono wa pili.

Umande ulitupiga mara moja. Mkono wa nne tulianza saa tisa alasiri, na kufika jioni rangi ilikuwa bado mbichi. Asubuhi upande wa kushoto, ulio karibu na uwazi wa banda, ulikuwa umepauka kwa mawingumawingu. Unyevu uliotua kabla rangi haijafunga huua mng'ao. Hakuna dawa ila msasa 800 na kurudia. Ratiba iliyofaa ni kuanza saa nne asubuhi bati likiwa limepata joto, na kuweka rola chini saa nane mchana. Upande wa wazi tuliufunga kwa turubai. Sakafu ya udongo ilimwagiwa maji saa moja kabla. Vumbi la Arusha ni jepesi kama unga wa sembe na huinuka hata kwa hatua ya mtu mmoja. Taa zizimwe mapema jioni, wadudu huzifuata na kutua kwenye rangi.

Jambo ambalo hatukulitarajia ni kopo la pili. Nyeusi ya kopo la kwanza ilielekea bluu, ya kopo la pili ilielekea kahawia, ingawa kampuni ni moja na jina la rangi ni moja. Kwenye kopo haionekani. Kwenye mlango ulio jirani na fenda, juani, inaonekana. Mikono miwili ya mwisho tulimimina yote iliyobaki kwenye ndoo moja, tukakoroga, na gari zima likapakwa kutoka ndoo hiyo. Ni bora kununua makopo yote siku moja, na kuangalia namba ya toleo iliyogongwa chini au kifunikoni.

Mkono wa sita ulikamilika 14 Agosti.

23 Agosti: Rimu, bampa na nyusi

Rimu za chuma na bampa: kutu ilikwanguliwa (hapa brashi ya waya inaruhusiwa), epoksi, mikono miwili ya rangi nyeusi ya nusu mng'ao. Mahali nati za gurudumu zinapokaa paachwe bila rangi mpya. Rangi nene chini ya nati hulegea na nati nayo ikalegea. Kaza tena baada ya kilomita 50.

Nyusi za plastiki zilikuwa kijivu. Wengi huzipaka oili chafu ya injini. Zinang'aa siku mbili, kisha zinabeba vumbi, na oili hiyo huharibu mpira wowote inaougusa. Bunduki ya hewa moto ilirudisha weusi wa tatu kati ya nne, ikipitishwa kwa mwendo bila kusimama, umbali wa kama sentimita 10. Ya nne tulisimama mahali pamoja sekunde mbili zaidi ya ilivyotakiwa, plastiki ikaanza kutiririka. Hiyo ilisuguliwa, ikapakwa praima ya plastiki na nusu mng'ao. Njia ya joto si ya kudumu, jua litazirudisha kijivu baada ya miezi. Ile iliyopakwa ndiyo itakayokaa zaidi.

13 Septemba: Kung'arisha na kufunga

Siku 30 baada ya mkono wa mwisho, si kabla. Rangi ya mafuta isiyokomaa ikipigwa kompaundi hupata joto na kuburuzika.

Msasa wa maji 1500, kisha 2000, kisha kompaundi kwa mashine ya kukodi iliyowekwa kasi ya chini. Kingo zote za boneti na milango tulizifunika kwa masking tepu kwanza, kwa kuwa rangi huwa nyembamba zaidi kwenye ukingo. Tepu moja ilitoka kwenye kona ya boneti na mashine ikafika kwenye kijivu kwa mzunguko mmoja. Kona hiyo ilirekebishwa kwa brashi ndogo na itangoja mwezi wake.

Wakati wa kufunga, kila skrubu ya chuma inayogusa alumini iliwekewa washa ya nailoni na grisi kidogo. Bila hivyo betri ile ya chini ya milango itaanza upya kwenye kila tundu.

Kadi ya gari ina sehemu ya rangi. Gari likibadili rangi, taarifa iende TRA ili kadi nayo isomeke nyeusi, na kampuni ya bima iambiwe. Trafiki akisimamisha gari jeusi lenye kadi ya kijani ana haki ya kuuliza maswali.

Gharama hadi leo

Majaribio yote matatu, pamoja na kompresa na fundi wa 2K, Sh 110,000. Misasa karatasi 64, Sh 96,000. Epoksi lita 4 na hadna yake, Sh 130,000. Praima ya asidi Sh 28,000, yote imepotea. Puti kilo 4 Sh 45,000, karibu nusu imepotea. Andakoti lita 4, Sh 55,000. Rangi nyeusi makopo mawili ya lita 4, Sh 150,000, na imebaki zaidi ya lita mbili. Tarpentaini lita 5, Sh 30,000. Rola 14, Sh 49,000, kwa sababu hazioshwi zikarudi kuwa kama mpya. Kila mkono unahitaji mpya mbili. Brashi mbili nzuri Sh 18,000. Masking tepu Sh 32,000. Rangi ya rimu na bampa Sh 36,000. Kompaundi na polishi Sh 58,000, kukodi mashine siku mbili Sh 30,000. Skrubu na washa Sh 34,000, turubai Sh 40,000, sabuni na vitambaa Sh 22,000.

Jumla Sh 963,000, bila ujira. Makosa ya alumini na boneti yamekula kama Sh 77,000 ya hizo, na wiki mbili.

20 Septemba: Wiki ya kwanza barabarani

Safari ya Arusha hadi Karatu na kurudi. Jiwe moja limechota rangi kwenye fenda ya mbele kulia, ukubwa wa punje ya mchele. Kijivu kinaonekana, alumini haionekani. Limejazwa kwa kijiti cha kiberiti, matone mawili yaliyopishana siku tatu. Hakuna mapovu chini ya milango. Kuosha ni kwa maji mengi kwanza kabla kitambaa hakijagusa bodi. Vumbi kavu likifutwa kwa kitambaa kikavu, nyeusi hii huonyesha mikwaruzo ya mviringo siku hiyohiyo.

Rangi iliyobaki imehamishiwa kwenye chupa ndogo za kioo zilizojazwa hadi shingoni, zisibaki na hewa ya kufunga ngozi juu. Moja iko kwenye kisanduku cha gari, pamoja na kiberiti. Milango itakaguliwa tena chini baada ya vuli, na kona ile ya boneti itasuguliwa katikati ya Oktoba.